Gitaa la Umeme Kisiwani Mombasa: Kulinunua, Kulitunza na Kulipiga

Ukiingia duka la vyombo vya muziki mjini Mombasa ukasema unataka gitaa la umeme, aghalabu utaletewa jekundu linalong'aa, lenye mkono wa chuma wa kutingishia nyuzi, nalo litachomekwa kwenye amplifaya iliyofunguliwa mpaka inanguruma. Mwombe muuzaji auzime huo mngurumo. Sauti ibaki safi kabisa, kisha ugonge uzi mmoja mmoja, polepole, kuanzia juu ya shingo hadi chini. Ndani ya kelele gitaa bovu na gitaa zima hufanana. Kwenye sauti safi, uzi unaokufa kabla ya wakati wake utausikia hata kama hujui kupiga.

Ipo na sababu nyingine ya kudai sauti safi: ndiyo sauti ya pwani hii. Fundi Konde, mzaliwa wa pwani wa mwaka 1924 aliyewatumbuiza askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, katika Vita Vikuu vya Pili, alikuwa miongoni mwa Wakenya wa mwanzo kabisa kushika gitaa la umeme, na katika nyimbo zake nyuzi zinasikika moja moja hata zinapogongwa pamoja. Bendi za mahotelini, ambamo Them Mushrooms walikulia kabla ya wimbo wao wa Jambo Bwana kuwapeleka mbali, nazo zilijengwa juu ya gitaa la rithimu lisilo na ukungu. Na ukitaka kujua ni nani aliyezoea kutia umeme kwenye chombo cha nyuzi mjini hapa, waangalie wapigaji wa taarab na tashkota yao. Hicho ni chombo kilichobuniwa Japani mwaka 1912, chenye vibonyezo kama vya taipureta, nao wakakifungia pikapu ili kisimezwe na ngoma ukumbini. Kwa hiyo unaponunua gitaa la kupigia nyumbani Mji wa Kale, Kibokoni au Kuze, nunua litakaloimba vizuri likiwa safi. Mngurumo utauongeza baadaye ukiuhitaji, na pengine hutauhitaji.

Gawa pesa zako kabla hujatoka nyumbani. Mimi ningetenga nusu kwa gitaa, robo kwa amplifaya, na robo ya mwisho kwa mambo ambayo wengi huyasahau: seti mbili za nyuzi za akiba, waya mzuri, mkoba wenye sponji nene, kamba ya begani, na ujira wa fundi wa kulirekebisha. Anayemaliza pesa zote kwenye gitaa huishia na kitu kizuri kilichoegemea ukuta, nyuzi zikiwa zimeota kutu, na waya unaokatakata sauti kila akijigeuza.

Kwa gitaa la kwanza, majina mawili hayajawahi kuniangusha: Squier, ambalo ni jina la Fender kwa magitaa ya bei nafuu tangu 1982, na Pacifica la Yamaha. Epiphone nalo liko chini ya Gibson, na la kwake zuri linakutosha miaka mingi. Magitaa ya Kichina yasiyo na jina kubwa si ya kudharau, mradi ulijaribu hilo hilo utakalochukua na si ndugu yake aliye ndani ya boksi. Cha kujihadhari nacho ni jina kubwa kwa bei ndogo. Gibson na Fender za kughushi zimejaa duniani, na Mombasa ni mji wa bandari. Kwenye Gibson halisi, kile kibamba kidogo kichwani kinachofunika tundu la kurekebishia shingo hushikwa na skrubu mbili. Ukiona tatu, rudisha kwa adabu. Jiepushe pia na madaraja yanayoelea yenye kufuli za nyuzi. Ni mazuri kwa anayeyajua, lakini uzi mmoja ukikatika gitaa zima linapoteza tuni, na kubadilisha nyuzi kunageuka kazi ya asubuhi nzima.

Maduka mengi yako katikati ya mji, upande wa Digo Road na Moi Avenue, na wateja wao wakubwa ni makanisa, ndiyo maana utakuta vinanda na maspika makubwa tele na magitaa machache. Usishangae kuambiwa la rangi uitakayo litaagizwa Nairobi. Ukienda mwenyewe kulichukua huko, ukarudi nalo kwa basi, kaa nalo. Usikubali liingie buti chini ya magunia. Treni ya Madaraka ni salama zaidi. Na ukifika, liache ndani ya mkoba wake mpaka kesho yake. Limetoka kwenye hewa kavu na baridi ya bara, linaingia kwenye hewa nzito ya joto, na mbao hupenda kuzoea taratibu.

Ya mtumba ndiyo ninayopendelea. Hapa Mombasa hupatikana kwa wanamuziki wa mahoteli wanaobadilisha vyombo, kwa vijana waliolinunua kwa hamu likawashinda, na kwa waliorudi kutoka Ghuba. Matangazo ya mtandaoni yapo pia. Huko sheria ni moja tu, usitume hata shilingi kwa M-Pesa kabla hujalishika. Kutaneni mahali penye stima. Akikwambia, "Hii orijino, ndugu yangu, imetoka Dubai," wewe mjibu kwa upole, "Inshallah ndivyo, ami, lakini itie kwenye umeme niisikize kwanza." Mtu mkweli hatakasirika.

Kulikagua ni hivi. Lishike kama bunduki, jicho lako likipita kando ya shingo kutoka kichwani hadi mwilini. Shingo nzuri ina mpindo mdogo mno, kama hauonekani. Iliyojikunja kama upinde au iliyobinuka kwa nyuma inataka fundi, na iliyopotoka kama skrubu haina dawa. Pitisha kidole pembeni usikie kama ncha za freti zinakwaruza. Kisha bonyeza kila uzi kwenye kila freti. Ndiyo, kila freti. Ni dakika tano. Unasikilizia sauti inayozizima ghafla au inayolia kama nzi aliyenaswa. Weka tyuna ya simu, tuni uzi ukiwa wazi, halafu bonyeza freti ya 12: noti iwe ile ile, oktavu moja juu. Ikipanda au kushuka kidogo, inarekebishika darajani. Ikienda mbali na skrubu za daraja zimeganda kwa kutu, bei ishuke sana au uondoke.

Skrubu hizo ndizo zinazokueleza gitaa limeishi wapi. Kisiwa chetu kimezungukwa na maji ya chumvi, na chumvi haibaki baharini. Gitaa lililokaa miaka miwili karibu na dirisha linalotazama bahari lina vijisukari vya kijani kwenye pikapu, vigingi vigumu kugeuza na kitundu cha waya kilichofifia. Chomeka waya, utingishe kidogo. Zungusha kila kitufe kutoka mwanzo hadi mwisho. Sogeza swichi ya pikapu kila upande. Ukisikia kukwaruza tu, dawa ya kusafishia vifaa vya umeme itamaliza kazi. Sauti ikikatika kabisa, fundi wa redio mwenye mkono mzuri wa risasi ataunganisha upya. Lakini kazi ya shingo na freti usimpe yeye, wala seremala, hata awe bingwa wa milango ya kuchonga. Randa ikipita mara moja kwenye shingo ya gitaa, basi.

Hapa niseme jambo kuhusu mafunzo ya kwenye video. Walimu wengi wa Ulaya na Marekani watakuhimiza ulitilie gitaa unyevu: vijisponji vya maji ndani ya mkoba, mafuta ya limau kwenye ubao wa vidole kila mara. Wao wana majira ya baridi na nyumba zinazopashwa moto mpaka mbao zinapasuka. Watengenezaji husema gitaa linastarehe kwenye unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55. Mombasa siku nyingi za mwaka iko juu ya hapo, na wakati wa masika kuta zenyewe hutoka jasho. Hapa tunapigana na maji kuingia. Weka vipakiti vya kukausha, vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, kwenye mkoba, na uvibadilishe vikishiba. Usilitundike kwenye ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, hasa wa nje. Ukuta huo unanyonya chumvi na kuirudisha. Usilifunike kwa nailoni, kwa sababu nailoni hufungia unyevu ndani. Leso kuukuu ya pamba inatosha, na ukitaka mpya yenye jina zuri, Biashara Street si mbali.

Nyuzi ndizo zinazokufa kwanza. Jasho na hewa ya chumvi vinaweza kuzifanya nyeusi na kavu ndani ya wiki chache, hasa kaskazi inapovuma na joto limekaza. Pangusa kila uzi kwa kitambaa kikavu kila unapomaliza, juu na chini yake. Kazi ya nusu dakika inayorefusha maisha yake maradufu. Nyuzi zilizopakwa utando, kama za Elixir, ni ghali kuliko za kawaida, lakini katika mji huu naziona ni za bei nafuu ukihesabu kwa miezi. Anza na unene wa 9 au 10. Na kama chumba chako kina eyakondishena, chagua: lilale humo siku zote au lisiingie kabisa. Kulihamisha kutoka baridi kavu kwenda kibarazani na kurudi kila jioni ndiko kunakoipinda shingo.

Sasa amplifaya. Kwa chumba cha Mji wa Kale wati 5 zinatosha na 10 ni nyingi. Kuta nene za mawe na dari ya boriti zinabeba sauti vizuri kuliko chumba cha matofali membamba, na amplifaya ndogo humo husikika kubwa. Ukiweza kupata inayokubali betri, ichukue. Roland Micro Cube hutumia betri 6 ndogo za AA, na siku stima ikipotea ndiyo pekee itakayokuwa ikiimba mtaa mzima. Iwe na tundu la hedifoni pia. Nitakuja kwenye sababu.

Usidanganyike na wati zilizochorwa kwenye maboksi. Ile namba kubwa iliyoandikwa PMPO kwenye spika za bei ya chini haipimi kitu utakachokisikia. Tafuta iliyoandikwa RMS, na kama haipo, hesabu kuwa ni ndogo.

Tena usichomeke gitaa moja kwa moja kwenye subwoofa ya sebuleni. Kila mwenye gitaa jipya hujaribu, na kila mmoja huona sauti imekuwa kama inatoka chini ya godoro. Pikapu ya gitaa hutoa umeme dhaifu sana, nayo inataka tundu lenye ukinzani mkubwa, kama ohmu milioni moja. Tundu la subwoofa limetengenezwa kwa ajili ya simu na deki. Ukitaka kuitumia subwoofa uliyo nayo, weka katikati pedali ya kuiga amplifaya, yenye mlango wa gitaa na mlango wa spika. Hiyo hiyo mara nyingi itakuunganishia kompyuta ya kurekodia. Gitaa la besi nalo lisiingie kwenye amplifaya ndogo ya gitaa la kawaida kwa sauti ya juu, utaipasua spika.

Stima ndiyo sehemu ambayo singependa uipitie haraka. Kenya tunatumia volti 240, mizunguko 50, na plagi ya pini tatu za mraba. Amplifaya iliyotoka Uingereza au Dubai itakubali bila maneno. Iliyotoka Marekani imetengenezewa volti 120; ukiichomeka hapa kwa adapta ya pini tu utasikia harufu kabla hujasikia muziki. Soma kibandiko cha nyuma. Kikisema 100 hadi 240, salama. Kikisema 120 peke yake, unahitaji transfoma ya kushusha, nayo ni nzito na ina gharama, kwa hiyo iingize kwenye bei.

La pili ni athi. Nyumba nyingi za zamani zilitiwa waya vipande vipande, kizazi baada ya kizazi, na soketi ikawa na matundu matatu ilhali la athi halina kitu nyuma yake. Nyuzi za gitaa lako zimeunganishwa na athi ya amplifaya. Athi ikikosekana na amplifaya ikawa na hitilafu, umeme unaweza kupita kwenye nyuzi, na wewe umezikumbatia kwa mikono yote miwili. Dalili ni mtekenyo kwenye vidole, au cheche ndogo midomo inapogusa maikrofoni huku umeshika gitaa. Ukipata dalili hiyo zima papo hapo, na usilipige tena mpaka fundi wa stima aipime soketi kwa kipimo. Mvumo unaonyamaza ukigusa nyuzi ni jambo jingine: ni kawaida kwa pikapu za koili moja, na ukikukera sana ndiyo maana kuna pikapu za koili mbili, ambazo Gibson walizileta katika miaka ya 1950 hasa kuuzima. Usikate pini ya athi ili kuua mvumo. Kuna watakaokushauri hivyo; wasikilize kwa adabu, usifanye.

Stima ikikatika, chomoa. Hatari iko inaporudi kwa kishindo, na stabilaiza ya friji haiwezi kuamka haraka kiasi hicho kila mara.

Kuhusu majirani, Mji wa Kale si mahali pa kujificha. Vichochoro ni vyembamba, madirisha yanatazamana, na noti nzito hupanda kwenye boriti hadi ghorofa ya juu. Inua amplifaya juu ya kigoda, chini yake kunja busati au kipande cha godoro, na uielekeze ndani ya chumba badala ya dirishani. Kanuni za kelele za nchi za mwaka 2009 zinahesabu usiku kuanzia saa mbili, na kiwango zinachoruhusu usiku ni kidogo kuliko mazungumzo ya kawaida. Lakini mtaani kuna kanuni za zamani zaidi ya hizo. Adhana ikianza, iwe ya Msikiti wa Mandhry au ya msikiti ulio nyuma ya nyumba yako, zima, na usiwashe mpaka watu wamesali. Kukiwa na matanga karibu, hedifoni kwa siku zote hizo. Ramadhani kila nyumba ina mipaka yake, uliza. Wapo majirani wasiopenda muziki kabisa kwa sababu za dini, na hao hutawabadilisha kwa kupiga vizuri. Kabla ya jioni ya kwanza, panda ghorofani umwamkie bi mkubwa: "Mama, nimenunua gitaa. Likikukera nitume mtoto anigongee, usinionee haya." Mlango huo ukishafunguka, huenda akakuomba wimbo.

Wimbo gani? Ukiwa mwanafunzi wa pwani anza na rithimu ya chakacha, ile inayohesabika kwa sita. Mkono wa kulia uipige juu ya kodi mbili tu mpaka mguu uache kufikiri. Kidole gumba cha kushoto kitachoka mapema, lakini mkono wa kulia ndio wenye kazi. Kwenye taarab, chagua vizuri. Nyimbo zilizoegemea sauti za filamu za Kihindi, ambazo Juma Bhalo alijulikana kwazo, zinakaa vyema kwenye freti. Zile za maqamu ya Kiarabu alizozipiga Zein l'Abdin kwa udi zina noti zilizo katikati ya noti, na udi hauna freti kwa sababu hiyo hiyo. Ukizilazimisha kwenye gitaa zitasikika karibu na sawa, na huko karibu ndiko kunakoudhi. Unaweza kuvuta uzi kando kwa kidole upate nusu ya nusu, ukifanya mazoezi sana. Mtindo wa Mombasa wa Zein na Mombasa Wedding Special ya kundi la Maulidi, santuri mbili zilizotolewa na kampuni ya GlobeStyle mwaka 1990, ni darasa zuri la kusikiliza besi inavyotembea chini ya waimbaji. Zisikilize kwa hedifoni au spika mbili zilizotenganishwa, siyo kwa simu. Kwenye simu besi haipo, nawe utadhani hawakuipiga. Kama nyumbani kuna kanda za zamani za taarab, zinakili mapema. Ukungu wa unyevu unazila taratibu ndani ya makasha yao.

Vidole vikishakaza, pengine mwaka wa pili, mtu atakualika upige arusini. Nenda na ekstensheni yako mwenyewe, nyuzi za akiba na waya wa pili. Fika mapema uijaribu soketi ya ukumbi kabla ya kugusa maikrofoni. Shika kazi ya rithimu, mwachie solo aliyekuwepo kabla yako, na malipo yako nusu yawe mkononi kabla mwali hajaketi.